Kuweka Windows na Linux katika kompyuta moja bila kupoteza hesabu za biashara

Mkazi wa Nyegezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina kompyuta mpakato yenye diski ya SSD ya gigabaiti 256, nayo ina Windows 11 peke yake. Ninaitumia kutunza hesabu za mama yangu mdogo, ambaye huuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, na programu yake ya hesabu haifanyi kazi nje ya Windows. Mimi mwenyewe ninajifunza kuandika programu, hivyo ningependa kuweka pembeni Linux Mint, yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Jana nilijaribu kupunguza diski C nikiwa ndani ya Windows, na ingawa gigabaiti 140 ziko wazi, nilikubaliwa kuchukua 31 tu. Je, nikilazimisha mgawanyo huo kwa kutumia kisakinishi cha Linux kutakuwa na madhara? Hesabu hizo ni za miaka mitatu na hazina nakala mahali pengine.

Fundi wa Igoma amejibu:

Ndugu, sentensi yako ya mwisho ndiyo ungeanza nayo. Nakili hesabu hizo kwenye diski ya nje, kisha zifungue katika kompyuta nyingine ili ujiridhishe, maana nimeshapokea wateja walionakili njia ya mkato iliyo kwenye eneokazi wakidhani wamenakili faili lenyewe.

Kuhusu zile gigabaiti 31, usilazimishe. Windows huweka katikati ya diski mafaili ambayo haiwezi kuyahamisha ikiwa imewaka, likiwemo lile la kuhifadhi hali ya kompyuta inapolala. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, anzisha kompyuta upya, kisha jaribu tena. Kama bado ni kidogo, zima kwa muda kumbukumbu pepe, yaani sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM, na ufute vituo vya kurejesha mfumo. Amri hiyo ina faida ya pili: inaondoa pia Fast Startup, ambayo hufanya Windows isizimike kikamilifu unapobonyeza kuzima, na matokeo yake Linux hukuruhusu kusoma mafaili ya upande wa pili bila kuyaandika.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni BitLocker, yaani kinga ya Windows inayosimba diski ili isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufungwa kwa usimbaji huo bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mpangilio wa kuwaka unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute katika akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi, au uzime usimbaji na usubiri umalizike kabisa kabla ya kuendelea. Wakati wa kusakinisha, iache patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya EFI kama ilivyo, yaani itumike bila kufomatiwa, kwa sababu ndiyo inayobeba kianzishi cha Windows.

Mdau wa Ilemela amejibu:

Ninaongeza moja tu. Mimi niligawa diski ya kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, umeme ukakatika mafaili yakiwa bado yanahamishwa, na patisheni ile haikufunguka tena. Wewe una betri, lakini ipime kwanza: chomoa chaja uone kama inakaa walau saa moja.

Mkazi wa Nyegezi ameandika:

Ninawashukuru. Nakala ipo na nimeifungua kwa kaka yangu, nimepata gigabaiti 90, na mifumo yote miwili inawaka. Limebaki jambo la ajabu: kila ninapotoka Linux kuingia Windows, saa inarudi nyuma, kiasi kwamba risiti ya saa nne asubuhi imeandikwa saa moja.

Fundi wa Igoma amejibu:

Kompyuta yako si mbovu. Ndani yake kuna saa ndogo inayoendeshwa kwa betri. Windows huichukulia kuwa inaonyesha saa za hapa kwetu, ilhali Linux huiweka katika saa za dunia, yaani UTC, nasi tuko saa tatu mbele ya hizo. Ukiwa ndani ya Linux andika:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Utaonywa kwamba mpangilio huo unaweza kuleta matatizo pale saa zinapobadilishwa kwa misimu. Onyo hilo lina maana kwa walioko Ulaya, lakini Tanzania hatusogezi saa, kwa hiyo endelea bila wasiwasi. Kisha ingia Windows na uilinganishe saa na intaneti mara moja. Zile risiti zilizokwisha kutoka hazitajirekebisha zenyewe. Zipitie kwa mkono kabla mama mdogo hajafunga hesabu za mwezi.