Bango la duka langu: STATIONERY au STATIONARY?

MamaDaftari
Wakuu, naombeni msaada kabla sijamlipa fundi nusu iliyobaki. Nafungua duka la steshenari hapa Msamvu, Morogoro: madaftari, kalamu, fotokopi. Fundi amenichorea bango zuri, herufi za bluu juu ya bati jeupe, kaandika STATIONARY. Jana mwalimu mmoja kapita akaniambia hiyo A ya mwisho ilitakiwa iwe E. Fundi anasema kachora mengi ya hivyo na hakuna aliyelalamika. Nimezunguka mtaani kutazama: maduka matatu yana A, mawili yana E. Nishike lipi? Hela yenyewe nimekopa kikoba.

Ticha wa Kidato
Dada, huyo mwalimu yuko sahihi. Vifaa vya kuandikia ni "stationery". Yenye A ni kitu kilichosimama, kama basi likiwa limetulia hapo stendi kwenu. Sisi tumezoea Kiswahili, unaandika unavyotamka; haya mawili Mwingereza anayatamka sawasawa, kwa hiyo sikio halikusaidii. Wanafunzi wangu nawaambia hivi: mwoka mikate ni "baker", anapookea ni "bakery". Muuza karatasi ni "stationer", bidhaa zake "stationery". Ile E ya mtu haiondoki.

Msomakale
Nyongeza: asili yake ni moja. Zamani Ulaya wachuuzi wengi walikuwa wa kutembea. Muuza vitabu wa karibu na chuo kikuu alikaa mahali pamoja, ndipo Kilatini kikamwita "stationarius". London wana chama chao tangu 1403. Kwa hiyo fundi hakuitoa hewani hiyo A, ila leo tahajia zimeshaachana.

Brashi Iringa
Mimi nachora mabango. Usikubali akuchaji bango zima! Ni herufi moja: anaifunika kwa nyeupe, ikauke vizuri, anachora E juu yake. Mimi niliwahi kumwandikia mama mmoja HAIR SALOON, kumbe saluni ya nywele ni "salon", O moja; yenye mbili ni baa, au aina ya gari. Nilirudi kurekebisha bure, maana jina la duka ni la mteja. Siku hizi mteja ananiandikia maneno kwenye karatasi kwanza.

MamaDaftari
Asanteni sana. Fundi nimempigia, anakuja kesho asubuhi na kopo la nyeupe. Ticha, chini kaandika LAMINATION na BINDING. Hayo je?

Ticha wa Kidato
Hayo yako sawa, dada. Mwache ayaache.