Naomba ushauri: tortilla (chapati nyembamba za Kimexico) za mahindi zinakatika, chokaa ya chakula Dodoma inapatikana wapi?

Wakuu, habari za saa hizi. Mgahawa wetu mdogo hapa Area D unataka kuanza kuuza taco, yaani tortilla iliyokunjwa ikiwa na vitu ndani. Kachumbari, parachichi, maharage, nyama ya kuchoma, hivyo havina shida. Kazi iko kwenye tortilla.

Unga wa sembe au dona haushikani: ukikunja tu, inakatika katikati. Sababu inajulikana. Wamexico huchemsha mahindi makavu na chokaa, gramu 10 hivi kwa kilo 1 ya mahindi na lita 3 za maji, kama nusu saa. Wanayaacha humohumo usiku kucha, wanayaosha mpaka maganda yatoke, kisha wanayasaga yakiwa bado na unyevu. Chokaa ndiyo inayolainisha ganda na kufanya donge lishikane.

Sasa, chokaa ya chakula (kalsiamu haidroksaidi) inauzwa duka gani hapa mjini? Ile ya kupaka ukutani sitaki hata kuisikia. Majivu ya kuni je, kuna aliyeyatumia? Kiasi gani kwa kilo? Magadi nahofia yataharibu ladha.

Pili, mashine za mtaani zinasaga nafaka kavu. Mahindi yenye maji yataziba chekeche. Ile ya mkono ya kusagia karanga itamudu kilo 5 kwa siku?

Na tafadhali msinijibu "tumia chapati ya ngano". Kaskazini mwa Mexico wanakula za ngano, sawa, ila menyu yetu imeshaandikwa mahindi.