Naombeni ushauri: rivolva ya bei nafuu, ya nyumbani na ya kubeba kiunoni

Habari zenu wakuu. Leseni ninayo na mafunzo nimemaliza, sasa nimekwama kwenye kuchagua. Nataka rivolva moja tu ifanye kazi mbili: usiku ikae kwenye sefu ya kitandani, mchana niibebe ndani ya nguo bila kuonekana. Mfuko wangu ni mdogo, bunduki mbili siwezi.

Nimeshika Ruger LCR na Smith & Wesson 642, zote zinatumia risasi aina ya .38 Special na zinabeba 5. Ni nyepesi kiasi kwamba unasahau umebeba kitu. Shida ikaja nilipoazimwa moja nyepesi ya aina hiyo kwenye uwanja wa shabaha: teke lake si mchezo! Baada ya kumaliza silinda (kile kibebeo cha risasi kinachozunguka) mara nne, kiganja kilikuwa kinawaka, na shabaha ikaanza kutangatanga. Mke wangu naye atajifunza, na mkono wake ni mdogo kuliko wangu.

Taurus 856 inanivutia kwa sababu ni nafuu, inabeba 6, na ile ya chuma kizima ni nzito, kwa hiyo inatulia mkononi. Lakini uzito huo kiunoni kutwa nzima?

Kuna anayenisukuma nichukue ya .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, kwa kuwa bunduki yake inakubali na .38 Special. Naona nitalipia nguvu nisiyoitaka.

Waliokaa nayo muda mrefu, mlichagua nyepesi au nzito? Na kama ni ya mtumba, nikague nini kwenye silinda kabla ya kulipa?