Tupeane uzoefu: Umeweka upya seva ya mashine pepe, bakapu ya mipangilio ikagoma kurudi

FundiSeva (mtoa mada)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaosimamia seva zinazobeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja). Bakapu ipo, faili ni zima, mfumo umepakiwa upya bila shida, lakini ukirudisha mipangilio seva inakataa. Au inakubali, halafu inawaka haina mtandao wala mashine hata moja kwenye orodha. Tuandike visa vyenyewe: kilikwama nini, ulikigunduaje, ulikitatuaje. "Nilipakia tena ikakubali" haimsaidii mtu ambaye watumiaji wake wote wako nje ya mfumo muda huu.

Naanza na ESXi, mfumo wa VMware wa kuendeshea mashine pepe. Diski ya kuwashia ilikufa, ikawekwa nyingine, mfumo ukapakiwa toleo lilelile la 6.7. Nilipoitwa, kila kitu kilikuwa kimefanywa kwa utaratibu: seva iko kwenye hali ya matengenezo, faili liko /tmp/configBundle.tgz, amri ni `vim-cmd hostsvc/firmware/restore_config /tmp/configBundle.tgz`. Inagoma palepale.

Jibu lilikuwa ndani ya bakapu. Ukilifungua faili hilo kwa tar utakuta Manifest.txt, na humo mna UUID (namba ya utambulisho) ya seva na toleo la mfumo uliotoa bakapu. Linganisha na `vmware -v` na `esxcfg-info -u` za seva iliyo mbele yako. ESXi haitosheki na "6.7", inataka namba ya bildi ileile, yaani toleo kamili pamoja na viraka vyake. Seva ya zamani ilikuwa imeshapokea viraka, na diski mpya imepakiwa toleo la mwanzo. Tukaipandisha hadi bildi ya zamani, tukarudia amri, ikajiwasha upya ikiwa na swichi zake pepe na VLAN zake (migawanyo ya mtandao) zote.

Najua wapo wanaohariri Manifest.txt ili namba zifanane. Mimi sikubaliani nao. Ukaguzi ule upo kwa sababu mipangilio ya bildi moja inaweza kuwa na vitu ambavyo bildi nyingine haivijui, na ukiudanganya, tatizo litakuja kukutokea baadaye mahali usipolitafuta.

Swichi_Pepe

Mkuu, kwangu bildi ilikuwa sawa, iliyobadilika ni ubao mama, kwa hiyo na UUID ikabadilika. Hapo kuna njia halali: ongeza 1 kabla ya jina la faili, `restore_config 1 /tmp/configBundle.tgz`, inapita bila kujali UUID. Ila ujue hiyo 1 haikusamehi tofauti ya bildi.

Ilipowaka, mtandao hakuna. Kadi za mtandao zilikuwa zimepewa namba kwa mpangilio mwingine, kwa hiyo vmnic0 (jina ambalo ESXi huipa kadi ya kwanza) ya kwenye bakapu ikawa imeangukia tundu lisilo na waya. Kaa mbele ya seva yenyewe au ingia kwa konsoli ya mbali, chagua kadi sahihi kwa mtandao wa usimamizi, ndipo uendelee. Na jambo moja linalowatia watu hofu bure: paswedi ya root inakuwa ile iliyokuwa kwenye bakapu. Uliyoweka wakati wa kupakia upya imeshafutika.

BawabaWaData

Niwakumbushe wenye seva zenye TPM, ile chipu ya kutunza funguo za siri kwenye ubao mama. Kuanzia ESXi 7.0 Update 2 mipangilio inasimbwa, na penye TPM ufunguo unafungiwa humo. Seva niliyoikuta ilikuwa na diski nzima kabisa, ubao mama ndio uliobadilishwa, na kuwaka haikubali. Kilichotuokoa ni ufunguo wa uokoaji uliokuwa umetolewa mapema kwa `esxcli system settings encryption recovery list` na kuhifadhiwa nje ya seva. Wakati wa kuwasha unabonyeza Shift+O, unaongeza `encryptionRecoveryKey=` na ufunguo wako. Ikishawaka endesha `/sbin/auto-backup.sh`, la sivyo ukizima utarudi palepale.

Kama seva yako iko hai sasa hivi, nakuomba toa ufunguo huo leo.

nodi_moja

Huku Proxmox, mfumo mwingine wa kuendeshea mashine pepe, mambo ni tofauti. Wengi wanabeba nakala ya /etc/pve wakidhani ni folda ya kawaida. Ile inatengenezwa na pmxcfs, mfumo wa mafaili wa Proxmox wenyewe, kutoka kwenye hifadhidata iliyoko /var/lib/pve-cluster/config.db. Ukinakili huduma ya pve-cluster ikiwa imezimwa, unaondoka na folda tupu. Chukua config.db yenyewe, pamoja na /etc/network/interfaces na /etc/hosts.

Kisa chenyewe: tulisimamisha pve-cluster, tukarudisha config.db, tukawasha. Ukurasa wa usimamizi (bandari 8006) ukafunguka, lakini mashine zote ziko chini ya nodi (seva kama Proxmox inavyoiita) yenye jina la zamani, imezimika, na nodi mpya iko pembeni haina kitu. Aliyepakia upya alikuwa ameipa seva jina jingine. Mafaili ya mipangilio ya mashine hukaa chini ya /etc/pve/nodes/ kwa jina la nodi, kwa hiyo tuliyahamisha kwa `mv` kutoka qemu-server ya nodi ya zamani kwenda ya mpya, mashine zikaonekana. Njia safi zaidi ni kutumia jina lilelile tangu mwanzo, na /etc/hosts ilielekeze kwenye IP halisi ya seva. Likielekea 127.0.1.1 (anwani ya seva kujirejelea yenyewe), pve-cluster haitawaka kabisa.

ZFS, mfumo wa kusimamia diski, nayo itakwambia mfumo mwingine ndio ulioitumia hifadhi hiyo mara ya mwisho. Ukishahakikisha hakuna seva nyingine iliyoishika, `zpool import -f` inatosha.

Mgeni_wa_Bildi

Wakuu, mimi bakapu ya mipangilio sina kabisa. ESXi imepakiwa upya, hifadhi ya VMFS (sehemu ya diski ambamo ESXi huweka mashine) inaonekana na folda za mashine zimo. Nimepoteza?

FundiSeva

Hujapoteza mashine, mkuu. Umepoteza mipangilio ya seva tu. Kwanza tengeneza upya swichi na vikundi vya bandari kwa majina yaleyale, herufi kwa herufi, maana mashine hutafuta mtandao wake kwa jina. Kisha sajili kila faili la .vmx (faili la mipangilio ya mashine moja) kwa `vim-cmd solo/registervm`. Ukiwasha mashine, ikikuuliza kama imehamishwa au imenakiliwa, jibu imehamishwa. Ukisema imenakiliwa itapewa UUID na anwani ya MAC (ya kadi yake ya mtandao) mpya, na kama DHCP yako (huduma ya kugawa anwani za IP) inagawa IP kwa MAC, mashine hiyo haitapata anwani yake ya zamani.