Mafuta ya zeituni ya kila siku: nichukue yapi bila kuumiza mfuko?

MpishiWaWanne
Habari zenu wapendwa. Baba yangu anaishi nasi tangu mwaka jana, na daktari amemshauri apunguze siagi na mafuta yanayoganda. Sitaki kupika vyungu viwili, kwa hiyo nyumba nzima tunahamia mafuta ya zeituni. Kazi iko kwenye kuchagua. Nimesimama dukani karibu nusu saa: chupa hii imeandikwa "extra virgin", ile "pure", nyingine "light", nyingine "pomace", na bei ziko mbalimbali kabisa. Kuna aliyeniambia yale ya extra virgin yakiguswa na moto yanageuka sumu. Tuko wanne, natumia kama vijiko vinne vya chakula kwa siku, zaidi kwa kuunga vitunguu na mboga, na mayai ya asubuhi. Nisaidieni.

ChupaNyeusi
Pole kwa kusimama, dada. Hilo la sumu liweke kando. Extra virgin huanza kutoa moshi kwenye nyuzijoto 190 hadi 210 hivi. Kuunga vitunguu kwa moto wa kawaida hakufiki huko, na hata kukaanga kwa mafuta mengi hufanywa kwenye 180 au karibu na hapo. Ukiona moshi, punguza moto, kama ambavyo ungefanya kwa mafuta yoyote.

Majina yale yana maana yake. Extra virgin ni zeituni zilizokamuliwa kwa mashine tu, bila kemikali. Asidi huru, ile inayoongezeka zeituni zikiharibika, haizidi gramu 0.8 kwa kila gramu 100, na waonjaji waliofunzwa hawakukuta kasoro. "Virgin" tupu inaruhusiwa hadi gramu 2. "Pure" ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani kisha yakachanganywa na kiasi cha virgin ili yapate ladha. "Pomace" hutolewa kwenye makapi yaliyobaki baada ya kukamua, kwa kemikali inayoyeyusha mafuta, halafu yanasafishwa. Na "light", hili linaniudhi kweli kwa sababu linawapoteza wagonjwa: wepesi wake ni wa rangi na ladha. Kijiko cha chakula kina kalori kama 120, sawasawa na chupa ya jirani yake.

Sasa bei. Mimi niliwahi kununua debe la lita 5 la extra virgin kwa sababu ukigawanya kwa lita lilikuwa rahisi. Tuko wawili tu nyumbani. Mwezi wa saba tangu nilifungue likawa linanuka kama karanga zilizokaa sana, nikamwaga karibu lita mbili. Tangu siku hiyo naandika kwa kalamu, juu ya chupa, tarehe niliyoifungua. Piga hesabu yako: vijiko vinne ni mililita 60, kwa hiyo lita moja inakutosha siku 16. Hata kopo la lita 3 utalimaliza kwa siku 50 hivi, kabla halijaharibika. Kwa watu wanne hapo ndipo nafuu ilipo.

MotoMkali
Mimi kwenye mayai na kukaanga natumia yale ya "pure". Ni rahisi zaidi, hayana ukali, nayo yanastahimili joto. Extra virgin nabaki nayo ya kumiminia juu ya chakula kikishaiva.

ChupaNyeusi
MotoMkali, hujakosea, na kwa mfuko mwembamba ni njia nzuri. Ila ukiyasafisha yanapoteza sehemu kubwa ya vile vitu vichungu vyenye faida, na hapa tunampikia mzee aliyepewa ushauri na daktari. Akimudu extra virgin ya bei ya chini iliyokamuliwa karibuni, ningeanza nayo.

Dada, ukirudi dukani tafuta tarehe ya mavuno. Si kila chupa inayo. Ikikosekana, chukua ile ambayo tarehe yake ya mwisho iko mbali zaidi. Kioo cheusi au kopo, kamwe si chupa angavu iliyokaa chini ya taa. "Imefungashwa Italia" hakukuambii zeituni zilikua wapi. Soma maandishi madogo ya nyuma, mara nyingi utakuta Uhispania, Ugiriki au Tunisia, na hakuna ubaya wowote. Usihangaike kuyaweka kwenye friji uone kama yataganda, kipimo hicho hakithibitishi kitu. Onja. Yakiwa machungu kidogo na yakakuwasha kooni, ni dalili nzuri. Nyumbani yakae mbali na jiko.

MpishiWaWanne
Asanteni sana. Nimechukua lita moja kwanza, kioo cheusi, mavuno ya msimu uliopita. Nilipoonja nilikohoa. Tarehe nimeiandika. Baba amesema mayai yana ladha ya majani, lakini amemaliza sahani. Kesho nitatia kijiko kimoja badala ya viwili. Akizoea, nitanunua kopo la lita 3.