Hivi Pink Floyd ni progu kweli au tumewabandika tu?

besi_nne

Wakuu habari zenu. Nina ubishi na jamaa yangu na sioni dalili ya kuisha. Yeye anasema Pink Floyd ndo progu yenyewe, yaani roki ya majaribio (progressive rock), tena bendi kubwa kuliko zote za progu, mimi nakataa. Sio kwamba siwapendi, nawakubali sana tu, ila nikisikiliza Yes, au King Crimson, au Genesis ile ya Peter Gabriel, afu nikaweka Floyd, nasikia vitu viwili tofauti kabisa. Wale wenzao dakika haiishi mapigo yameshabadilika, kinanda kinakimbizana na gitaa, mpiga dramu unadhani ana mikono minne. Floyd sasa? Mdogo mdogo, nne kwa nne (mapigo manne ya kawaida), Gilmour mpiga gitaa wao anavuta noti moja hadi unasahau aliianza saa ngapi.

Mtaniambia wimbo wao Money unahesabu mapigo saba, najua, mimi ni mpiga besi na kile kipande nimekipiga hadi vidole vimechoka. Lakini sikilizeni vizuri, saksafoni inapiga solo kwenye saba, afu ikifika zamu ya gitaa bendi nzima inarudi kwenye nne. Yaani hata kwenye wimbo wao mmoja wenye hesabu ngumu Gilmour kaomba aachiwe njia iliyonyooka apige bluzi yake.

Na jina lenyewe si mnalijua? Pink Anderson na Floyd Council, wapiga bluzi wawili wa Marekani, Syd Barrett, kiongozi wao wa mwanzo, ndo aliunganisha majina yao. Kwangu mimi hii ni bendi ya bluzi iliyopitia saikedelia (roki ya ndoto na milio ya ajabu) ikajifunza kurefusha nyimbo, basi. Nibishieni kwa hoja lakini, sio kwa mapenzi.

rifu_zito

Ni progu. Uzi ufungwe.

melotroni

besi_nne mkuu tatizo lako umechukua Yes ukaifanya rula, afu kila bendi unaipima hapo. Kwa rula hiyo kweli Floyd wanashindwa, ila hata Moody Blues wanashindwa na watu wanawataja kila siku kama waanzilishi. Hesabu za ajabu na vidole vya kasi ni mtindo mmoja tu ndani ya progu, wa wapiga kinanda kina Rick Wakeman wa Yes na Keith Emerson wa bendi ya ELP. Swali lenyewe ni jinsi wimbo ulivyojengwa, je unaenda ubeti kiitikio ubeti kiitikio solo kwaheri, au una sehemu zinazotoka mahali zikafika mahali pengine.

Na hapo kwenye ujenzi Floyd wana haki kuliko wengi, maana Waters (besi), Mason (dramu) na Wright (kinanda) wote walikutana chuoni London wakisoma usanifu wa majengo. Sasa chukua ile A Saucerful of Secrets, wimbo uliobeba jina la albamu ya 1968, karibu dakika 12, hauna ubeti hata mmoja. Waters na Mason waliuchora kwanza kwenye karatasi kama ramani, hapa sauti ipande, hapa ishuke, hapa vurugu, hapa itulie, ndo wakaenda kuupiga. Una sehemu nne na ya mwisho ni kinanda na sauti za watu kama vile uko kanisani. Hiyo ni 1968, albamu ya kwanza ya King Crimson ambayo wengi wanaihesabu kama mlango wa progu ilitoka Oktoba 1969. Bendi ya bluzi gani inachora wimbo?

Afu njoo 1970, Atom Heart Mother, upande mzima wa santuri, dakika 23 na ushee, tarumbeta, kwaya, selo, na mtunzi wa nje Ron Geesin kaitwa kupanga. Wenyewe baadaye waliiponda sana, Waters na Gilmour wote, lakini kuiponda haiondoi ilivyo. Ilishika namba moja Uingereza kitu kama hicho, hebu fikiria.

Ila ushahidi wangu mkubwa ni Echoes, 1971. Ule mlio wa kwanza, ting, ni piano ya Wright imepitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka. Walikuwa studio wakirekodi vipande vipande visivyo na mpango, mlio ule ndo ukawapa pa kuanzia. Sikiliza unavyokwenda: beti mbili Gilmour na Wright wanaimba pamoja, gitaa, afu wanaingia kwenye mdundo mzito wa fanki, afu kila kitu kinayeyuka unabaki na upepo na ile milio kama nyangumi (hiyo ni gitaa, Gilmour kachomeka pedali ya wah kinyume), unakaa humo gizani muda mrefu, afu taratibu kinanda kinaanza kuinuka kutoka chini, dramu zinarudi kidogo kidogo, na kabla hujajua uko kwenye ubeti wa tatu na wimbo ni uleule ila wewe sio yule. Hii haiwezi kuitwa bluzi iliyorefushwa mkuu. Bluzi ukiirefusha unapata solo ndefu, hupati kurudi nyumbani kwa namna hiyo.

dramu_baridi

Mimi nitakaa katikati nipigwe na pande zote.

Melotroni umeongea vizuri ila urefu na upande mzima wa santuri uuache nje, hausaidii. Allman Brothers wana Mountain Jam, dakika 33, ikabidi ikatwe pande mbili za santuri, na hakuna mtu mwenye akili zake anaiita progu. Grateful Dead vilevile. Kwa hiyo ukitoa urefu kinachobaki ni hiyo hoja ya ujenzi, nayo ni nzuri, baki nayo.

Besi_nne naye yuko sahihi kwenye kitu ambacho mashabiki wa Floyd hawapendi kukisikia: wapigaji hawakuwa mafundi wa kiwango kile. Napiga dramu mimi mwenyewe, Nick Mason nampenda, lakini ukimweka karibu na Bill Bruford ni mambo mawili. Bruford mwaka 1972 kamaliza kurekodi Close to the Edge na Yes, albamu inakaribia kutoka, yeye anahama kwenda King Crimson kwa sababu anataka kitu kigumu zaidi! Mason hana hata chembe ya roho hiyo. Yeye anaacha nafasi. Tom zake (ngoma za dramu) zile mwanzo wa Time, kwenye albamu ya The Dark Side of the Moon, mtu mwingine angejaza kila upenyo, yeye anagonga anasubiri, anagonga anasubiri. Sasa kwako wewe huo ni udhaifu, kwangu mimi ndo sababu Dark Side bado inasikilizika na nusu ya vitu vya ELP vimezeeka vibaya. (Tarkus yao nisamehewe, Tarkus ni nzuri.)

Kwa hiyo jibu langu ni la albamu kwa albamu. 1967 na Barrett ni saikedelia, hapo sina ubishi na mtu. Kuanzia Atom Heart Mother mpaka Animals ya 1977 ni progu. The Wall ya 1979 sio.

besi_nne

Melotroni nimeipenda hiyo ya kuchora wimbo, na Echoes naipokea, sina pa kutokea. Lakini ngoja nikubane. Kama kigezo ni ujenzi wa sehemu sehemu, basi Queen nao ni progu? Bohemian Rhapsody ina ubeti wa piano, solo, opera, roki nzito, afu inatulia, yote ndani ya dakika sita kasoro sekunde. Led Zeppelin je? Stairway to Heaven inaanza na filimbi inaishia na moto, haina kiitikio kabisa. Kigezo chenu kikiachiwa hivihivi kitameza roki yote ya miaka ya sabini.

kasha_la_sauti

Naingilia kidogo maana mnaongelea noti tu wakati Floyd kazi yao kubwa haiko kwenye noti.

Hiyo Money mnayoisema, ya Dark Side. Kabla besi haijaingia mnasikia nini? Sarafu, karatasi inachanwa, mashine ya kulipia. Hizo ni sauti saba zimerekodiwa kila moja peke yake, tepu ikakatwa vipande kwa kupima na rula ya kawaida ili kila kipande kilingane na kingine, vikaunganishwa vikawa duara, likazungushwa kwenye mashine. Yaani hesabu ya saba ipo kwenye mkasi na gundi kabla mwanamuziki hajagusa chombo. Afu On the Run ya albamu hiyohiyo, kile kinachokimbia ni noti chache zimeingizwa kwenye sinthesaiza ya EMS zikaongezwa kasi hadi zikawa kitu kingine, hakuna binadamu anayepiga pale. Ni 1973 hiyo wakuu. Wakeman alikuwa bado anatuonyesha vidole vyake vina kasi gani, hawa wanatengeneza wimbo usiohitaji vidole.

Mtu akiniambia hawa hawakusogeza roki mbele kwa sababu mpiga dramu wao anahesabu nne, namuuliza anasikiliza kwa sikio lipi.

Kinachowaponza Floyd nadhani ni mauzo. Dark Side imekaa kwenye chati ya albamu ya Billboard wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Shabiki wa progu akiona mama na baba na shangazi wote wanayo anaanza kuikana.

rifu_zito

Queen albamu ya pili, 1974, ule upande mweusi. March of the Black Queen. Progu tupu. Sioni shida kigezo kikiwameza Queen, walipita hapo wakaendelea na safari yao.

melotroni

Rifu kanisaidia kujibu. Wimbo mmoja haufanyi bendi. Queen walipita, Zeppelin walichungulia, Floyd walihamia wakakaa. Angalia tu Animals, mwaka 1977, mwaka wa panki, Johnny Rotten, mwimbaji wa bendi ya panki Sex Pistols, kashaonekana na fulana ya Pink Floyd imeandikwa juu yake kwamba anawachukia, ndo mwaka ambao mtu mwenye kutaka kuuza angefupisha nyimbo. Wao wakatoa albamu yenye nyimbo tatu ndefu, Dogs dakika 17, Pigs 11, Sheep 10, na vijisehemu viwili vya gitaa mwanzo na mwisho vya chini ya dakika mbili. Hiyo sio bendi inayopita. Na ile fulana yenyewe inakwambia adui aliwaweka kundi gani.

(Rotten baadaye alisema wazi kwamba kumbe anawapenda, lakini hilo ni la siku nyingine.)

dramu_baridi

Hahaha ushahidi wa fulana sasa. Haya.

Ila mnisaidie kwenye The Wall maana nilisema sio progu na hakuna aliyenirushia jiwe. Ina hadithi moja mwanzo hadi mwisho, santuri mbili, na watu wengi hapo ndo wanaponiambia inatosha. Kwangu haitoshi. Nyimbo ni fupi, zinasukuma hadithi mbele kama maigizo ya jukwaani, na ule wimbo wao uliopanda namba moja Uingereza na Marekani, Another Brick in the Wall sehemu ya pili, una mdundo wa disko kabisa, prodyuza Bob Ezrin ndo aliwasukumia huko. Naupenda! Lakini ni disko yenye solo ya bluzi juu yake, besi_nne hapo ukisema bluzi sikubishii.

kasha_la_sauti

Na angalia nani alikuwa anatoka mlangoni wakati huo. Rick Wright. Waters alimwondoa kwenye bendi kipindi cha kurekodi The Wall, kwenye ziara akapiga kama mtu wa kulipwa, na kwenye The Final Cut ya 1983 hayupo kabisa. Wright ndo alikuwa anashikilia zile nafasi pana, zile kodi (noti zinazopigwa pamoja) zenye harufu ya jazi. Yeye alipopungua progu ikapungua. Sio bahati mbaya.

melotroni

Hapo nakupinga kidogo mkuu. Animals ndo albamu ya kwanza ambayo Wright hana jina kwenye utunzi hata wimbo mmoja, na ndo hiyohiyo niliyotoka kuisifia kama progu kuliko zote. Anapiga vizuri sana, ule mwanzo wa Sheep ni yeye na kinanda peke yake, lakini nyimbo ni za Waters, na Dogs wameandika na Gilmour. Kwa hiyo Waters alijua kujenga kirefu bila Wright kumwandikia, ila alipotaka maneno yasikike zaidi akaacha kujenga. The Wall maneno ni mengi mno, muziki hauna pa kutanda.

kasha_la_sauti

Kuandika na kupiga ni vitu viwili. Toa kinanda kwenye Dogs, pale katikati sauti ya mtu inaporudiwarudiwa hadi inageuka mlio na mbwa wanabweka kupitia mashine, uniambie umebakiwa na nini.

besi_nne

Nabakiwa na besi, na besi inatosha.

Utani huo. Sawa wakuu, msimamo wangu naupunguza hivi: Echoes, Atom Heart Mother, Animals, ni progu, nasaini. Wimbo wao Shine On You Crazy Diamond naomba niendelee kuukatalia, ni sehemu tisa lakini zile dakika za mwanzo ni Gilmour na bluzi yake juu ya kinanda kilichosimama palepale, mwenye masikio anasikia. Dark Side sijui, niacheni nayo. The Wall hapana kabisa, na ndo hiyo jamaa yangu anaitaja kila tukibishana, kwa hiyo naenda kumwambia anatetea kitu cha kweli kwa albamu isiyo sahihi.

rifu_zito

Shine On unaikataa? Basi uzi ufunguliwe tena.