Programu ya wiki 9, jogingi ya mtaani au kulipia mbio kabisa? Kipi kinampa ujasiri anayeanza kukimbia

MamaWawili_Kimara
Wakuu za jumapili. Naomba ushauri kwa waliopitia hii. Nimeanza kukimbia ukubwani, natumia ile programu ya wiki 9 ya kutoka sifuri mpaka km 5, ile ya siku tatu kwa wiki, wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 unatembea 90. Nimeenda nayo mpaka nimemaliza wiki ya 4 bila shida ya maana. Juzi nikachungulia wiki ya 5, siku ya tatu imeandikwa dakika 20 mfululizo hakuna kutembea, aisee nimegoma hapo hapo sijatoka tena nje. Miguu mizima, presha nimepima iko sawa, ni uoga tu najijua.

Sasa niendelee na hii programu peke yangu na hedfoni zangu, au nijiunge na jogingi wanaopita hapa mtaani kila jumapili wanaimba (naona aibu watakuwa wananisubiri mimi), au nilipie kabisa zile km 5 za Kilimanjaro Marathon ili hela iniume nifanye tizi? Mume wangu anasema nitembee tu inatosha, huyo tumwache kwanza 😂 Nataka mtu aliyejaribu zaidi ya moja aniambie tofauti, nadharia ninazo za kutosha.

Tizi_la_Temeke
Jogingi mama, usizunguke. Programu ya simu haikujui, ukikaa ndani siku tatu hakuna anayekuulizia, ila jogingi ukikosa jumapili moja tu jumatatu unapigiwa simu tatu na ya nne ni mwenyekiti. Hilo la kusubiriwa ondoa kichwani, sisi kuna watu wa nyuma kazi yao ni hiyo tu, kukaa na wa mwisho, na wa mwisho mara nyingi ni mzee mwenye kitambi ambaye ndiye anatununulia wote supu, nani atamkasirikia.

Halafu kuna kitu watu hawakioni, zile nyimbo. Huwezi kuimba mchakamchaka huku unakimbia kasi, pumzi haitoshi, kwa hiyo kundi zima linajikuta linaenda mwendo wa kuimbika. Wewe peke yako na hedfoni unaanza mbio kama unawahi basi la mwendokasi la mwisho, dakika ya nne umekwisha unasema huwezi.

mhesabu_kilomita
Naomba nimtetee aliyeitunga hiyo programu (Mmarekani mmoja, Josh Clark, 1996, kaiandaa kwa watu wasiokimbia akiwemo mama yake). Dada yangu umeogopa namba bila kuipigia hesabu. Wiki ya 4 uliyomaliza ni dakika 3, halafu 5, halafu 3, halafu 5. Jumlisha. Ni 16 za kukimbia na umesema hukupata shida. Wiki ya 5 siku ya pili ni 8 na 8, bado 16. Siku ya tatu ndio 20. Yaani umeongezewa dakika 4 na umenyang'anywa mapumziko, basi, kwa mtu anayekwenda taratibu kuyakosa yale mapumziko si pigo kubwa maana hakuchoka sana kwanza. Na watu wengi hawajui kwamba wiki ya 6 siku ya kwanza wanakurudisha kwenye vipande, 5 na 8 na 5. Ile siku ya 20 imewekwa pale kama mtego mzuri, ujikute umeweza kabla hujapata muda wa kufikiri. Tatizo lako wewe ulichungulia.

Ukhti_wa_Ngambo
Assalam alaykum. Mimi niko Unguja na nitampinga kidogo kaka wa Temeke. Jogingi ya mchanganyiko wengine haitufai, siyo dharau, ila mwanamke amevaa baibui fupi na suruali chini na shungi, kundi la vijana nyuma yake na vuvuzela, ujasiri gani utajengeka hapo, utakuwa unavuta nguo muda wote. Nilichofanya mimi niliwatafuta wanawake wawili wa mtaani tukawa tunakwenda viwanja vya Maisara mara baada ya swala ya alfajiri, tunazunguka, anayechoka anatembea anakatisha katikati anatukuta upande wa pili. Hakuna anayebaki nyuma kwa sababu uwanja ni wa kuzunguka. Hilo la kuzunguka linasaidia sana mtu muoga, hauko mbali na pa kuishia hata dakika moja, wakati njia ndefu ukichoka katikati unakuwa na safari ya kurudi na unaifikiria tangu unapoondoka.

KaruraMdogoMdogo
Niaje wadau. Nairobi hapa. Mbona hamjataja ya kukimbia na kutembea kwa mpango, milele, si kama hatua ya kupita tu? Jeff Galloway, huyo alikimbia mita 10,000 Olimpiki ya 1972, alifundisha watu miaka mingi hivyo, unakimbia kidogo unatembea kidogo hata kwenye marathoni, na unatembea kabla hujachoka, siyo baada. Hapo ndio tofauti. Ukitembea kwa sababu umeshindwa, unarudi nyumbani umeshindwa. Ukitembea kwa sababu saa imefika, uko kazini tu.

Mimi Karura naenda hivyo na napitwa na kila mtu, akina mama na strola wananipita, na sijali. Na hata hao mnaowaona ni mashine, enda Iten, ule mji wa wanariadha wetu wakubwa, siku yao ya mbio nyepesi uone wanavyoanza, wanaanza kama wanatafuta kitu wameangusha.

Tizi_la_Temeke
> Ukitembea kwa sababu saa imefika, uko kazini tu.

Hii nimeipenda ila mkuu kwenye jogingi ukitembea wakati wenzako wanaimba utaonekana unaringa 😂

Shangazi_Leicester
Mimi nimejaribu mbili kati ya hizo, programu na mbio, hivyo labda ninafaa kujibu. Huku Uingereza kuna hii kitu inaitwa parkrun, kila jumamosi saa 3 asubuhi km 5 bustanini, bure kabisa, ilianza London 2004 na watu 13 tu na sasa iko nchi nyingi. Unajisajili mara moja unapata barcode yako (ile mistari ya kuskani), ukimaliza wanaiskani, muda wako unaletewa kwa barua pepe. Lakini kilichonifanya nirudi ni mtu mmoja anaitwa tail walker, ni mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho. Maana yake wewe huwezi kuwa wa mwisho hata ukijaribu. Nilipoelewa hilo nusu ya woga iliondoka, kumbe nilikuwa siogopi umbali hata kidogo, nilikuwa naogopa kuangaliwa nikimalizia peke yangu.

Kwa hiyo kwako mama wa Kimara mbio za kulipia naziona zina faida ila siyo hiyo uliyosema. Hela kuuma haikutoi kitandani, utalala nayo vizuri tu. Faida ni tarehe, tarehe inapanga mazoezi yako yote nyuma yake. Na kule Moshi kwenye km 5 watu ni bahari, familia, watoto, wazee, watu wa ofisini wamevaa fulana za kampuni wanatembea wanapiga selfi, hakuna atakayekuona. Wanaoteseka ni wa 21 na 42 wanaopandishwa kuelekea Mweka.

bwana_pesi
Mnambembeleza sana huyu. Alphonce Simbu, mbio za ubingwa wa dunia Tokyo 2025, kakimbia km 42 kwa saa 2:09:48, yeye na Mjerumani wamepewa muda ule ule, kamzidi sehemu 3 za mia za sekunde, dhahabu ya dunia ya kwanza kwa Tanzania. Dakika 20 tunafungulia uzi?

mhesabu_kilomita
@bwana_pesi Simbu amefanya hiyo kazi miaka na miaka, London 2017 alishachukua shaba. Mfano wa Simbu unamsaidia mtu wa marathoni anayetaka kukata tamaa km ya 35. Kwa mtu wa wiki ya 5 haumsaidii kitu, unamuongezea kasi asiyoihitaji.

fizio_wa_zamu
Nafanya kazi ya viungo, naongeza tu kitu ambacho naona kila wiki. Pumzi na moyo vinazoea haraka, ndani ya wiki chache mtu anaona mabadiliko, lakini kano na mifupa vinachukua miezi. Ndio maana wengi hawaumii wiki ya kwanza, wanaumia pale wanapopata ujasiri, anajisikia mwepesi anaongeza kasi na umbali na siku kwa pamoja, halafu mfupa wa mbele wa mguu unaanza kuuma anafikiri mwili wake haukuumbwa kukimbia. Ongeza kimoja kimoja. Kwa sasa ongeza muda, kasi iache kabisa.

Kipimo ni kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima ndefu bila kuhema katikati, uko sawa. Ukiweza maneno matatu tu, punguza, hata kama kupunguza kwenyewe kunafanana na kutembea. Kichomi ubavuni punguza mwendo vuta pumzi taratibu kitaondoka, ila maumivu makali sehemu moja yanayobaki hata ukiwa umekaa, hayo simama kabisa ukaonwe. Na kurudia wiki ya 4 siyo dhambi, hakuna mwalimu anayesahihisha.

Jingine ni joto la Dar. Kuanzia Desemba mpaka Machi ukienda saa 2 asubuhi mwendo ule ule unakuwa mgumu zaidi, moyo unafanya kazi ya kukimbia na ya kupoza mwili. Usijilinganishe na ndugu yako wa Arusha.

MamaWawili_Kimara
Jamani asanteni, mmeniamsha. Hiyo hesabu ya 16 na 20 imenichekesha, sikuwahi kujumlisha. Na Shangazi umenigusa, kweli ni macho ya watu, mpaka dereva boda wa kijiweni ananihesabia.

Nimeamua hivi, programu naendelea nayo siku za kazi, Moshi nalipia, na jogingi nitakwenda nikishamaliza hiyo siku ya 20, siyo kabla. @Tizi_la_Temeke najua utalalamika. Ila swali la mwisho, huku kwangu ni milima tupu, ukitoka tu getini unashuka halafu kurudi ni kupanda. Hiyo dakika 20 nitaifanyia wapi?

Tizi_la_Temeke
Silalamiki, supu ipo tu.

mhesabu_kilomita
Kumbe unaishi mlimani na hukusema!! Basi hizo 16 zako za Kimara ni zaidi ya 16 za mtu wa tambarare, ungeanza na hilo. Panda mwendokasi ya asubuhi kabisa mpaka Kivukoni, tembea taratibu ufuate bahari, huko ndiko kupasha mwili kwako, pale karibu na Ikulu simu iache mfukoni usipige picha. Ukishapita hospitali ya Ocean Road anza kukimbia kuelekea Aga Khan, barabara ni tambarare na upepo wa bahari upo, na asubuhi hiyo utakuta wakimbiaji wengine kibao hakuna wa kukuhesabia. Ukifika Daraja la Tanzanite angalia saa. Daraja lenyewe ni kama km 1, likikutisha geuza urudi ulikotoka, dakika zinahesabika vile vile.

Ukhti_wa_Ngambo
Na uende na mwenzio hiyo siku, hata kama atakaa kwenye benchi anakushikia chupa ya maji.

MamaWawili_Kimara
Alhamisi basi. Nampeleka mume akashike chupa.